Kabla Useme "Ng'oa Tu", Uliza Kuhusu Ufizi

Wasee, nimechoka na sentensi moja. "Hilo ling'olewe tu." Unaisikia stejini Tulia, unaisikia Wote, unaisikia kwa jirani ambaye hajawahi hata kuangalia ndani ya mdomo wako. Jino limevunjika, limebaki kisiki kidogo usawa wa ufizi, na tayari kila mtu ameshatoa hukumu. Mtu ana miaka 21 na anapewa pengo la maisha kama vile anapewa chenji.

Sisi wa Ukambani tunavunjwa meno na chakula chetu wenyewe. Isyo iliyochambuliwa haraka haraka haikosi kale kajiwe kamoja, na kale kajiwe kanajua jino lenye shimo liko wapi. Langu lilienda hivyo mwaka jana, gego dogo la juu, lile linaloonekana nikicheka. Na mimi nakula kwa uso wangu. Tangu niache chuo, kamera ndiyo shamba. Kliniki ya kwanza niliyoingia, siitaji, mhudumu aliangalia viatu vyangu kwanza, halafu mdomo. Akasema elfu moja mia tano, dakika kumi, umemaliza. Nikamuuliza, kwani hakuna njia ingine? Akajibu, "Iko, lakini ni ya wenye pesa."

Hiyo "lakini" ndiyo imenifanya niandike hii.

Njia ingine yenyewe ni hivi. Jino likivunjika mpaka karibu na ufizi, krauni, yaani ile kofia wanayokuvalisha juu ya jino, inakosa pa kushika. Jaribu kufunika chupa iliyokatika shingo uone. Kofia inahitaji kama milimita 1.5 hadi 2 za jino zima, gumu, zimetokeza nje ya ufizi pande zote. Kama hazipo, daktari anazitafuta pale zilipofichwa. Anakupiga ganzi, anakata ufizi na kuufunua kidogo, mara nyingi anapunguza na mfupa kiasi kuzunguka hilo jino, halafu anaushona ufizi ukiwa umerudi nyuma. Jino halijaongezwa kitu. Ile sehemu ilikuwa imefunikwa sasa iko nje.

Najua mahali mmeshtuka ni hapo kwa mfupa. Hata mimi. Lakini sikiza: kati ya mfupa na mwanzo wa ufizi, mwili unataka nafasi yake, kama milimita 2 hivi, ambapo nyama imeshikana na jino. Ukiingiza ukingo wa krauni ndani ya hiyo nafasi, ufizi hautulii. Unabaki mwekundu, umevimba, unatoka damu ukipiga mswaki, na mfupa unaanza kujirudisha wenyewe, bila mpango. Ndio maana madaktari wengi wanataka karibu milimita 3 kutoka mfupa hadi pale krauni inaishia. Kwa hivyo ukipata mtu anakuambia atasukuma kofia chini ya ufizi leo leo, bila eksrei na bila kupima, hajakuokolea pesa. Utalipa tu baadaye, na maumivu juu.

Uchungu? Ganzi inafanya kazi yake. Ikiisha unaumwa na kuvimba siku kadhaa, unameza dawa, unasukutua na maji ya chumvi vile umeelekezwa, nyuzi zinatolewa baada ya wiki moja ama siku kumi. Kibaya ni kungoja. Magego ni kama wiki 6 hadi 8 kabla ya krauni ya mwisho. Meno ya mbele yanaweza kufika miezi 3 hadi 6, kwa sababu ufizi bado unasonga, na ukisonga baada ya kofia kuvalishwa kila mtu ataona. Hapo katikati unakaa na kofia ya muda, unakunywa uji, muthokoi unatafunia upande ule mwingine. Sigara inachelewesha kupona, hiyo haina mjadala. Na msee anayetafuna muguka huku ana nyuzi mdomoni, sijui nikwambie nini.

Sasa, si kila jino la kupigania. Kama ufa umeshuka mpaka ndani ya mzizi, ama mzizi ni mfupi, ukiondoa mfupa jino litabaki linayumba. Gego kubwa lina mizizi iliyoachana kama panda, na ukishusha ufizi sana ile panda inabaki wazi, chakula kinaingia, hutaweza kusafisha. Hapo kung'oa ni uamuzi wa maana, na daktari akikuonyesha hiyo kitu kwa eksrei, mshukuru. Mimi sina shida na kung'oa. Shida yangu ni kung'olewa bila kuambiwa.

Tena hiyo bei ya kung'oa ni rahisi kwa sababu inahesabu siku moja tu. Pengo likikaa, meno ya kando yanaanza kulalia upande huo, lile la upande wa pili linasogea kutafuta mwenzake, na mfupa pale unapungua. Ukitaka kuziba baadaye kwa daraja, meno mawili mazima ya jirani yanachongwa ili yalibebe.

Lakini tuseme ukweli kuhusu pesa, nisije nikaonekana natangazia mtu biashara. Hii kazi inalipwa mara tatu: kutibu mzizi kwanza kama umeoza, upasuaji wa ufizi, halafu krauni. Ongeza nauli ya kila safari. Na huduma ya karibu mara nyingi ni ya ofisa wa afya ya kinywa aliyesomea KMTC, ambaye kazi yake ni kukinga, kuziba na kung'oa. Upasuaji kama huu si wake, anapaswa kukuandikia uende kwa daktari wa meno. Hapo ndipo mambo hukwama, kwa sababu kukuandikia kunataka akuamini kwamba utaenda. Kama ni Nairobi utafika, hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko barabara ya Argwings Kodhek, na wanafunzi wanatibu pale wakisimamiwa na walimu wao.

Kuna mhudumu mmoja, rafiki yangu, aliniambia, "Kwa nini nimtajie mtu kitu hawezi kulipia? Si namtesa tu?" Namheshimu, lakini hapana. Wewe hujui mfuko wangu. Hujui chama cha mwaitu, hujui mbuzi wangapi wako nyumbani, hujui nani atatumiwa link ya mchango leo jioni. Tunachangia harusi mpaka ya mtu hatumjui. Nipe njia zote na bei zake, halafu acha nishindwe mwenyewe.

Na tusidanganyane kwamba kujali meno ni mambo ya watu wa Nairobi. Wazee wetu Wakamba walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, kwa urembo, na wageni walioandika kuhusu Ukambani mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuacha kulitaja. Tabasamu ilikuwa na maana huku kabla ya selfii.

Makueni walianza MakueniCare mwaka 2016, nyumba nzima ikilipa shilingi 500 kwa mwaka wakati huo. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Kwa hayo yote tumebishana kuhusu wodi, dawa na ambulensi. Mkutano wa bajeti ukiitishwa kwa wadi yako, simama uulize hospitali ya kaunti ina madaktari wangapi wa meno, na wangapi kati yao wanafanya upasuaji wa ufizi. Usiongeze hotuba. Uliza tu, halafu ukae chini ungoje jibu.

Na kama umewahi kukalia kile kiti na jino lililovunjika, Kitui mjini ama Wote, niambie ulitajiwa nini kwanza: njia zote, ama bei ya kung'oa?