Vijana wa Lanet na ndoto ya uhandisi: Shahada pekee haitoshi

UPANUZI wa barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa rasmi mwishoni mwa Novemba 2025, umefufua maswali ya kale katika mitaa inayopakana na barabara hiyo, Lanet ikiwa mojawapo. Ni nani watakaoajiriwa humo kama wahandisi, ni nani watakaoajiriwa kama mafundi, na ni nani watakaobaki kandokando wakitazama matingatinga yakipita?

Wiki chache baadaye, Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi lilijiunga na Gredi ya 10, ambako kila mwanafunzi hufuata mkondo mmoja kati ya mitatu. Mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ndio ambao wazazi wengi huutazama kama mlango wa maisha mema.

Matumaini hayo si haba. Hata hivyo, kuna jambo ambalo mzazi wa Lanet anapaswa kuelezwa kinaganaga kabla hajauza shamba au kuchukua mkopo wa karo. Nchini Kenya, shahada ya uhandisi haimfanyi mtu kuwa mhandisi. Humfanya awe na haki ya kubisha hodi tu. Anayemfungulia ni Bodi ya Wahandisi nchini (EBK), na bodi hiyo ina masharti yake.

Mfano wa karibu kabisa ni wa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro katika kaunti hii ya Nakuru. Wahitimu wa uhandisi wa chuo hicho, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, walikataliwa usajili na bodi ya wakati huo kwa hoja kwamba masomo yao hayakuwa yametambuliwa. Hawa walikuwa vijana waliosoma miaka mitano katika vyuo vya umma, kwa idhini ya serikali ile ile.

Walikwenda mahakamani. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Martin Wanderi na wenzake zaidi ya 100, ilipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliwapa ushindi 2018. Ushindi huo ulikuwa mtamu, lakini tuujumlishe kwa hesabu ya maisha. Ujana hausubiri hukumu. Mtu aliyehitimu akiwa na umri wa miaka 24, kisha akakaa miaka kadhaa bila usajili, hawezi kurudishiwa miaka hiyo na jaji yeyote.

Chanzo cha utata huo hakijaondoka kabisa. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inaipa EBK jukumu la kuidhinisha masomo ya uhandisi vyuoni. Kwa upande mwingine, Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hasa baada ya kufanyiwa marekebisho 2016, inaikabidhi Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) mamlaka ya kuidhinisha masomo yote. Fahali hawa wawili wamekutana mahakamani zaidi ya mara moja, na nyasi zinazoumia ni wanafunzi.

Kwa hivyo, swali la kwanza ambalo mwanafunzi anapaswa kuuliza kabla ya kujaza fomu ya kuteuliwa kujiunga na chuo ni hili: Je, kozi hii, katika chuo hiki, imo katika orodha ya kozi zinazotambuliwa na EBK? Orodha hiyo hutolewa kwa umma. Aitafute mwenyewe wala asitosheke na maneno ya wakala au ya binamu aliyesoma huko. Chuo kinaweza kuwa na sifa njema, na bado kozi moja miongoni mwa zake ikawa haijatambuliwa.

Swali la pili linahusu jina la shahada. Shahada ya sayansi katika uhandisi na shahada ya teknolojia hufanana masikioni mwa mzazi, lakini mbele ya sheria ni njia mbili tofauti. Mwenye shahada ya teknolojia husajiliwa na bodi nyingine, ile iliyoundwa na Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya 2016. Hiyo ni taaluma yenye heshima yake, mradi aliyeichagua awe ameichagua akijua. Kisa cha kusikitisha ni cha yule anayeugundua utofauti huo siku ya kuomba usajili.

Swali la tatu ndilo ambalo husahaulika mno: Nitapata wapi mahali pa kufanyia mazoezi? Anayehitimu huandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Baada ya hapo hutakiwa kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka mitatu chini ya uangalizi, kisha atahiniwe, ndipo asajiliwe kuwa mhandisi kamili. Ngazi ya mhandisi mshauri huja baadaye zaidi. Kujiita mhandisi bila usajili ni kosa kisheria.

Hapa ndipo shoka linapokwama kwenye gogo. Vyuo vinafyatua wahitimu kila mwaka, ilhali viwanda vya kuwapokea havikuongezeka kwa kasi hiyo. Wakazi wa Nakuru wanakumbuka kiwanda cha betri cha Eveready, kilichofungwa 2014 baada ya kuhudumu kwa zaidi ya miongo minne. Kiwanda kinapofungwa, mbali na ajira zinazopotea, hupotea pia karakana ambamo vijana wangejifunza kazi.

Kuna watakaosema kwamba masharti haya ni ukuta wa kuwazuia vijana. Yamkini wana hoja kuhusu ucheleweshaji na gharama. Lakini na wakumbuke usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipopasuka huko Solai, katika kaunti hii hii, na kuwaua watu zaidi ya 40. Maji hayamwulizi mtu cheti. Jamii ina haki ya kujua kwamba aliyechora, aliyejenga na aliyekagua ukuta wa bwawa, daraja au jumba ni mtu aliyepimwa na anayeweza kuwajibishwa.

Fauka ya hayo, si kila kijana anayependa mitambo analazimika kupitia chuo kikuu. Bonde la Ufa la kati lina mfano mwema katika nishati ya mvuke wa ardhini. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, huko Naivasha, ulianza kuzalisha megawati 15 mnamo 1981. Huko Menengai, juu ya jiji la Nakuru, uchimbaji wa visima ulianza 2011, na mtambo wa kwanza wa kibinafsi wa megawati 35 ukaanza kazi 2023.

Mradi wa aina hiyo huhitaji wahandisi wachache na mafundi wengi: wa kuchomelea mabomba yanayohimili shinikizo, wa kukarabati valvu na pampu, wa umeme, na wa vifaa vya kupima joto na mtiririko wa mvuke. Fundi mwenye stashahada na ujuzi wa kweli anaweza kupata kazi mapema kuliko mwenye shahada asiye na mazoezi.

Mlango huo uko wazi kwa wengi. Anayekosa alama ya C+ inayohitajika kwa chuo kikuu anaweza kusomea stashahada akiwa na C-, au cheti cha ufundi akiwa na D. Hata fundi wa jua kali ambaye hakusomea popote anaweza kupimwa ujuzi wake kwa mitihani ya ufundi ya serikali, akaanza na gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Jeshi, ambalo kambi yake ni sehemu ya historia ya Lanet, huajiri maafisa wenye taaluma maalum na pia mafundi wenye vyeti.

Wahitimu wa sayansi halisi, yaani kemia, fizikia na biolojia, wana changamoto ya aina nyingine. Shahada zao ni pana na hazitaji kazi mahususi. Heri yao wanaoongeza ujuzi mmoja unaoshikika: kupima udongo na maji, kuchanganua takwimu, au kudhibiti ubora wa chakula. Mashamba ya maua ya Naivasha na viwanda vya maziwa huhitaji watu wa maabara. Lanet yenyewe ina kituo cha utafiti wa ng'ombe wa nyama cha shirika la KALRO. Mwanafunzi wa biolojia anayeishi hapo karibu na ambaye hajawahi kuandika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo katika kituo kama hicho, anapita kisimani akiwa na kiu.

Serikali nayo isikwepe wajibu wake. Idara inayowapangia wanafunzi vyuo ingeonyesha, kando ya kila kozi ya uhandisi, kama inatambuliwa na EBK au la, ingewaepusha wengi na majuto. Mikataba ya barabara na mitambo mikubwa nayo ingetaja idadi ya wahitimu na wanagenzi ambao mwanakandarasi atawachukua, na idadi hiyo ikaguliwe sawa na lami inavyokaguliwa.

Hadi hayo yatakapotimia, mzigo wa kuuliza umo mabegani mwa mwanafunzi na mzazi wake. Je, kozi inatambuliwa? Inampeleka kwenye bodi ipi? Miaka mitatu ya mazoezi ataipatia wapi? Aliye na majibu ya maswali haya matatu na aanze safari. Asiye nayo na angoje kidogo, kwani kuuliza kunachukua wiki moja, na kesi ya wahitimu wa Egerton ilichukua miaka.