Leza haifufui jino lililokufa

Nilipotea kidogo, mitihani ilikuwa imetubana. Leo nina la moyoni.

Rumu meti wangu ana jino linamsumbua tangu mwezi uliopita. Mwanzoni ilikuwa maji baridi tu, linauma kidogo linaacha. Mimi si ndo nasoma mambo ya meno, nikamwambia twende hospitali. Jamaa kagoma: anasubiri bumu litoke akatibiwe kwa leza, maana kaona tangazo kwamba haiumi. Sasa hivi jino linamwamsha saa nane usiku, na mimi silali!

Jamani, leza ni kifaa kizuri, sikatai. Tangu Theodore Maiman awashe ile ya kwanza kule Marekani mwaka 1960, imefika mbali. Kwenye kiini cha jino inasaidia kuua bakteria na kukausha damu. Lakini kupona kunategemea kwanza hali ya kiini chenyewe. Kikiwa kimevimba kidogo, kinaweza kurudi salama. Kikianza kuuma chenyewe usiku, hapo kazi imeongezeka. Kikifa, hakuna mwanga wa kukifufua.

Pili, mkono wa daktari. Akizidisha nguvu, joto linaunguza kile kile anachotaka kukiokoa. Zach na Cohen walionyesha mwaka 1965, kwa meno ya kima na bila hata leza, kwamba joto la kiini likipanda nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, baadhi ya viini vinakufa.

Tatu, na hapa ndo wengi wanasahau: kuziba. Wakati wa kazi jino litengwe na mate, kiini kifunikwe kwa dawa nzuri kama MTA, halafu juu pazibwe pasibaki upenyo. Bakteria wakipenya tena, hata leza ya mamilioni ni kazi bure.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: daktari makini mwenye mashine ya kawaida leo ni bora kuliko leza ya mwezi ujao. Kinachoua jino la mshkaji si kukosa leza, ni kusubiri.

Kesho asubuhi namburuta, atake asitake. Labda kiini cha kwenye mizizi bado kizima. Tutajua likishapigwa picha na kufunguliwa. Na wewe unayetafunia upande mmoja ukingoja bumu, ujumbe umefika.

Alamsiki!