Nani Amfunzaye Msimamizi?

Ndugu Waislamu, tumezoea kudhani kwamba ulezi wa mayatima ni jengo, magodoro na sahani ya wali. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alipelekwa katika kituo cha watoto hali mama yake mzazi yu hai, anauza vitumbua mtaa wa pili. Kosa la mama huyo ni ufukara. Afisa aliyewatembelea ni kijana mwenye huruma, na ripoti yake aliiandika vizuri. Msimamizi wake akaisoma, akatia saini. Hakuuliza habari za mjomba wala za bibi.

Hapo ndipo penye kasoro. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 juu ya malezi mbadala haukubali umaskini peke yake uwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Kenya iliitambua kafala katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na mwaka huo huo ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuyahamisha malezi kutoka vituoni kwenda kwenye familia. Lakini anayebisha hodi nyumbani kwa watu ni afisa, naye hutafuta yale tu anayojua kwamba mkubwa wake atamuuliza.

Msimamizi mara nyingi hupandishwa cheo kwa miaka ya kazi, kisha akabaki kukagua makaratasi. Kusimamia ni fani ya kusomewa. Afundishwe kuketi na afisa wake kila wiki, waipitie familia moja moja: ni jamaa gani anampenda mtoto huyu? Ni kitu gani kimeifanya nyumba hii isivunjike mpaka leo? Afuatane naye hadi nyumbani, anyamaze, atazame. Na amsikilize aliyechoka, kwani anayefokewa ofisini huenda akaifokea familia. Huko New Zealand, kwa sheria ya mwaka 1989 iliyozingatia desturi za Wamaori, jamaa hukutanishwa wakashauriana faragha juu ya mtoto wao. Wazee wetu walikuwa na kikao cha ukoo bila ya sheria yoyote, sisi tumekiacha.

Kafala nayo yataka msimamizi anayeielewa: mtoto hulelewa kikamilifu, na nasabu yake hubaki ya babaye. Asiyeitofautisha na kuasili atazusha fitina siku ya mirathi.

Kamati za misikiti zenye vituo, kabla ya kuchangisha fedha za bweni jipya, zimlipie msimamizi mafunzo, kisha zimtake alete majina ya jamaa wa kila mtoto aliyemo. Yule mwanafunzi wangu angali kituoni. Kwa mamake huenda siku za Idd.