Hoja ni ya Mchezaji, Ulimi ni wa Mhusika

Katika mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka wa 1974, kila mchezaji huwa mhusika katika kisa kinachoongozwa na msimamizi. Mhusika hupewa sifa sita, zikiwamo nguvu, akili na haiba, na kila sifa ina alama zake.

Hapo ndipo penye utata. Mchezaji dhaifu akiigiza shujaa mwenye nguvu, hakuna amwambiaye ainue meza ili athibitishe. Lakini akiigiza balozi mwenye ulimi wa asali, huambiwa: "Haya, sema tukusikie!" Akigugumiza, balozi wake huhesabiwa ameshindwa. Mwenzake mwenye domo humshawishi mfalme, hata kama mhusika wake hana haiba hata kidogo.

Mimi mwenyewe nimelitenda kosa hilo. Katika kundi la wanafunzi ninaloliongoza, msichana mmoja mnyamavu alichagua kuwa balozi. Nilimtaka atoe hotuba papo hapo. Aliinamisha kichwa, wenzake wakacheka, na juma lililofuata hakuja.

Wapo wanaoshikilia kwamba tukiliachia dadu kila kitu, mazungumzo yatakufa. Hoja yao ina mashiko. Toleo la tatu la mwaka wa 2000 liliweka stadi za upatanishi, ulaghai na vitisho, zinazopimwa kwa kurusha dadu la nyuso 20. Mchezaji akisema tu, "Namshawishi," kisha akarusha, kisa hupoa.

Hata hivyo, ipo njia ya kati. Mchezaji aeleze, hata kwa sentensi moja, anamwambia mfalme nini: anamkumbusha kiapo cha babaye, au anamwahidi ngano wakati wa njaa? Msimamizi aupime uzito wa hoja hiyo, kisha dadu na haiba ya mhusika viamue ilivyopokelewa.

Nilimwita yule msichana nikamweleza kanuni hiyo. Alirudi. Bado maneno yake ni machache, ila wenzake sasa humsubiri amalize.

Walimu wenzangu, ni mara ngapi katika mijadala ya darasani tumemtunza msemaji hodari na kumpita mwenye fikira nzito asiyejua kuzipamba? Ufasaha hufunzwa, nao hufunzika vyema pale mwanafunzi anapojua kwamba kukwama kwa ulimi hakutamfanya achekwe.