Damu ya Kiwayu na haki ya mtuhumiwa

Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli ya ufukweni Kiwayu, Lamu, wakamuua mgeni wa Kiingereza na kumteka mkewe, aliyeachiwa Machi 2012. Mkaazi mmoja, aliyewahi kufanya kazi hotelini hapo, alihukumiwa kifo mwaka 2013, ushahidi mkubwa ukiwa nyayo za viatu. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Kenya ikaifuta hukumu hiyo. Zaidi ya miaka 10 gerezani imempotea, na marehemu hakurudi.

Ndugu zangu, mafakihi wametufunza kuwa hudud huepushwa penye shaka. Visiwani petu tunaishi na wageni. Uhalifu ukitokea, tusitaje mtoto wa jirani kwa dhana. Shahidi aseme alichokiona, basi. Wallahu aalam.