Akili mnemba si mwalimu, jamani!

Wadau, leo nina hasira kidogo. Jana jioni, kwenye darasa la watu wazima ninakofanya mazoezi ya kufundisha, mwenzangu kaja na somo zima la mikopo lililoandikwa na akili mnemba. Hata kulisoma hajalisoma! Mama mmoja muuza vitumbua akauliza: "Mwalimu, mbona vikoba havimo humu?" Kimya.

Sisemi tuipige marufuku. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, ila watu walisikiliza kwa vikundi, wakajadili na kiongozi aliyepewa mafunzo, kisha wakachimba vyoo. Redio haikuachiwa darasa. Sasa mashine tunaiachia kwa nini? Waulize wanafunzi kwanza, mashine baadaye. Nawasilisha!