Anwani ya Mteja ni Amana, si Mali: Uaminifu Katika Kutangaziana kwa Barua Pepe

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii ilitungwa zamani, lakini inawafaa mno wafanyabiashara wa leo wanaowafikia wateja wao kwa barua pepe. Maduka ya vitabu, wachoma kahawa, wachapishaji na waandaaji wa safari za watalii sasa huwa na orodha ndefu za anwani za watu waliokubali kuandikiwa. Miongoni mwa mbinu zinazotumiwa kuikuza biashara ya aina hii ni kutangaziana: wafanyabiashara wawili wasioshindana, lakini ambao wateja wao wanafanana, hukubaliana kila mmoja amtangaze mwenzake. Muuza vitabu huwaandikia wasomaji wake kuhusu kahawa, naye mchoma kahawa huwaandikia wanywaji wake kuhusu vitabu. Aghalabu hakuna fedha zinazolipwa. Kila mmoja humtolea mwenzake imani ambayo wateja wanayo kwake.

Je, wabia hawa wataaminiana vipi? Wengi hulijibu swali hili kwa kuwatazama wabia wawili peke yao: nani ametimiza ahadi, nani amechelewa, nani amefaidika zaidi. Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo ni pungufu. Katika kila maafikiano ya kutangaziana yupo mtu wa tatu ambaye hakuitwa kikaoni, naye ni mteja aliyeitoa anwani yake. Wabia wakimsahau huyo, uaminifu wao hauna msingi hata wakipendana kama chanda na pete.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa mwanga katika suala hili. Maneno imani, amini, amana na uaminifu yana asili moja ya Kiarabu. Amana ni kitu alichowekewa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe. Aliyewekewa amana hakimiliki kitu hicho. Hana ruhusa ya kukiuza, kukiazima wala kukigawa. Hivyo ndivyo anwani ya mteja ilivyo. Mwanafunzi aliyemwachia muuza vitabu anwani yake ili aarifiwe kuhusu riwaya mpya hakumpa mali. Alimwekea amana kwa kusudi moja lililo bayana.

Kosa la kuigeuza amana kuwa mali si la kubuni. Mwaka 2000 nchini Marekani, kampuni ya Toysmart, iliyouza vitu vya watoto vya kuchezea kupitia intaneti, ilifilisika. Kampuni hiyo ilikuwa imewaahidi wateja wake kwamba habari zao hazingepewa mtu mwingine yeyote kamwe. Ilipoanguka, orodha ya wateja ikatangazwa kuuzwa pamoja na mali nyingine ili madeni yalipwe. Mnamo Julai mwaka huo, Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani iliishtaki. Hatimaye, Januari 2001, kampuni tanzu ya Disney, ambayo ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi katika Toysmart, ilikubali kulipa dola 50,000 ili orodha hiyo iharibiwe badala ya kuuzwa. Fedha zilitolewa si kwa kupata anwani, bali kwa kuzifuta! Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwamba ahadi aliyopewa mteja haifi hata biashara yenyewe inapokufa.

Nchini Kenya, sheria imefikia msimamo uo huo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikafuata, na kifungu chake cha 37 kinakataza data ya mtu kutumiwa kwa manufaa ya kibiashara bila idhini yake ya wazi au ruhusa ya sheria. Faini inaweza kufikia shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, ikitozwa ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Hili si tishio tupu. Mnamo Septemba 2023, kampuni moja ya mikopo ya kidijitali ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizopata kutoka kwa watu wengine. Kosa hilo lilihusu simu na ujumbe mfupi, lakini funzo lake linawahusu pia wanaobadilishana orodha za barua pepe.

Kutokana na haya, kanuni ya kwanza ya kutangaziana ni hii: orodha haitoki mikononi mwa aliyewekewa. Kila mbia huwaandikia watu wake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na kumsifu mwenzake humo. Anayevutiwa atabofya kiungo, aende katika tovuti ya mbia wa pili, na huko atoe anwani yake kwa hiari akipenda. Wapo watakaodai kwamba kubadilishana orodha ni njia ya mkato yenye kuleta wateja wengi kwa siku moja. Ni kweli inaleta anwani nyingi. Lakini mtu asiyejua barua imetoka wapi huiona kuwa taka, na hasira yake huwaangukia wote wawili.

Fauka ya amana, kuna dhamana. Mfanyabiashara anapomsifu mwenzake mbele ya wateja wake, anakuwa mdhamini wake. Kahawa ikiwa imechacha, mnunuzi hatamlaumu mchomaji asiyemjua. Atamlaumu muuza vitabu aliyemwelekeza huko. Kwa hiyo haifai kumtangaza mtu ambaye bidhaa zake hazijajaribiwa. Mbia mwenye busara hununua kwanza kama mteja wa kawaida, atazame mzigo unafika lini, malalamiko yanajibiwaje, na anayetaka kujiondoa katika orodha anaachwa au anasumbuliwa. Mtu hatoi dhamana kwa asiyemjua.

Gharama ya dhamana mbovu siku hizi inaweza kupimwa kwa hesabu. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimeweka masharti makali kwa wanaotuma barua nyingi. Wapokeaji wapewe njia nyepesi ya kujiondoa, na kiwango cha barua zinazoripotiwa kuwa taka kisifikie asilimia 0.3. Hao ni watu 3 tu katika kila 1,000. Mwenye wasomaji 8,000 akitangaza kitu cha ovyo, walalamishi 24 wanatosha kumtia matatani, na barua zake za baadaye, hata zile njema, huenda zikatupwa kwenye taka kabla ya kusomwa. Anayeumia hapo ni aliyetuma, si aliyetangazwa. Ndiyo maana kila mbia anastahili kuwa na haki ya kuyakataa maneno ya tangazo, hata baada ya kukubali ubia.

Suala lingine linalozua ugomvi ni takwimu. Mmoja huahidi kwamba ana wasomaji 10,000, kumbe nusu yao hawajafungua barua kwa miaka miwili. Zamani wabia walitegemea idadi ya barua zilizofunguliwa, lakini kipimo hicho kimepoteza makali. Tangu Septemba 2021, Apple imewapa watumiaji wa programu yake ya barua kinga ya faragha ambayo hupakua picha zilizofichwa za kuhesabia hata kama barua haijasomwa. Barua huonekana imefunguliwa ilhali mwenyewe amelala. Mbia anayejivunia idadi hiyo huenda hadanganyi kwa makusudi, lakini mwenzake atadanganyika vilevile. Vipimo vya haki zaidi ni watu waliobofya kiungo na waliofika kununua. Kila upande utumie kiungo chake maalumu au neno la punguzo lisilotumika kwingine, kisha matokeo yaonyeshwe wazi kwa pande zote mbili.

Ikiwa mmoja ana watu 8,000 na mwingine 800, usawa wa barua moja kwa moja si haki. Mwenye orodha ndogo anaweza kutangaza mara kadhaa, au kutoa punguzo kubwa zaidi kwa wateja wa mwenzake. La muhimu ni kwamba tofauti hiyo itajwe mwanzoni, si baada ya lawama kuanza.

Je, haya yote yaandikwe? Wapo wanaohisi kwamba kudai mkataba ni kumshuku mwenzako. Hoja hii haina mashiko. Wachuuzi wa Uswahilini wanaifahamu mali kauli, bidhaa inayotolewa kwa neno tu, ilipwe baada ya kuuzwa. Biashara hiyo ilidumu kwa sababu mtoaji na mpokeaji walijuana nyumba hadi nyumba. Aliyevunja kauli hakuwa na pa kujificha. Wabia wa barua pepe huenda hawajawahi kuonana. Kwao, ukurasa mmoja wa maandishi ndio unaoshika nafasi ya mtaa. Uonyeshe tarehe za kutuma, nani ataandika tangazo na nani ataliidhinisha, matokeo yatahesabiwaje, na ubia utavunjwaje bila uhasama. Isitoshe, waanze na tangazo moja dogo kabla ya kufunga ubia wa mwaka mzima.

Hatimaye, lipo jukumu linalowahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Sheria inadai idhini ya wazi, lakini idhini haiwezi kuwa wazi ikiwa imeombwa kwa lugha asiyoielewa mwombwaji. Mara nyingi maneno ya ruhusa huandikwa kwa Kiingereza kizito na kwa herufi ndogo mno. Mama anayeuza vitenge Gikomba anastahili kuulizwa kwa Kiswahili sanifu, chepesi: nani ataiona anwani yake, kwa kazi gani, na atajiondoaje akichoka. Kuyaandika maneno hayo ni kazi halali ya wanaisimu na watafsiri chipukizi, na soko lake lipo.

Kutamatisha, wabia watakaodumu ni wale watakaojiuliza, kabla ya kila barua, iwapo mwenye anwani angekubali kama angekuwapo kikaoni. Anayemhini mteja wake leo atamhini mbia wake kesho. Anayemtunzia mteja amana yake, huyo ndiye wa kufunga naye ubia. Imani huzaa imani.